Kiti Nilichokiandika Kitupu

Haya alinieleza mjukuu wangu Jumamosi iliyopita mchana, amejitupa kitandani kwangu na viatu miguuni, uso kaugeuzia ukutani.

Yeye ni karani kwenye kampuni ambayo watu wake siku hizi hufanya kazi nyumbani siku mbili, ofisini siku tatu. Bosi akaona analipia kodi ghorofa mbili na nusu ya viti vinakaliwa na hewa. Akampa mjukuu wangu karatasi: kila siku saa nne asubuhi, pita uhesabu viti vitupu.

Kijana mmoja wa ofisini humo alikutana naye mlangoni mwa lifti, asubuhi, watu wanasukumana. Ni mchoraji wa ramani za majengo. Shati la bluu, kola tu ndiyo imepigwa pasi.

"Na kwingine je?" mjukuu wangu akamtania.

"Kwenye simu ya video wanaona kola tu, dada."

Mjukuu wangu alicheka mpaka lifti ikamwacha.

Basi ikawa kila siku saa nne kijana anamletea chai. "Bi Viti, hiyo blauzi ya kijani imekukaa! Umenihesabu leo?"

"Nimekuhesabu, kipenzi. Hebu rudi kazini."

Harudi. Wanaongea mpaka chai inapoa. Mjukuu wangu akipita na karatasi, kiti cha kijana kitupu, naye anaandika kitupu. Wiki nne. Alijua fika mwenyewe yuko wapi, kamwacha amesimama mezani kwake na kikombe mkononi. Lakini aliona haya kumweleza bosi kwamba kijana yuko kwake.

Ghorofa moja ikarudishwa kwa mwenye jengo. Wenye viti vitupu wakaambiwa kazi wafanyie nyumbani, siku zote.

Kijana akapiga simu. Hakupokea. Siku tisa nzima. Ya kumi akapokea.

"Bi Viti, umenitupa kwa kuwa sina kiti?"

"Nakuja kwako," akasema, akakata.

Alikuta chumba kimoja. Ubao wa kuchorea uko juu ya kitanda, kijana kapiga magoti sakafuni anachora. Nyuma ya pazia mama yake mgonjwa anakohoa.

"Ni mimi niliyekuandika kitupu," mjukuu wangu akasema, macho chini. "Kila siku, ukiwa kwangu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kijana aliifuta penseli yake kwa shati, muda mrefu. "Na mimi nilikuwa najisifu kwamba unanihesabu."

"Leo nimemwambia bosi ukweli. Ghorofa imeshakwenda. Nimekuachia meza yangu, siku zote tatu. Mimi nitafanyia kazi nyumbani."

"Kwa hiyo nikiwepo, wewe hupo?"

"Sipo."

"Sasa tutaonana wapi?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Oaneni basi, nipate kulala!"

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umemsikia mama?"

"Nimemsikia. Lakini kwanza nisamehe."

"Nimeanza, Bi Viti. Sijamaliza."

Wakaendelea kwa kunong'ona, mama akalala.

"Na hilo la kuoana, ukamjibu nini?" nikamuuliza mjukuu wangu, namvua viatu.

"Nilikubali, bibi. Ila nikimtazama yale magoti, natamani ardhi inimeze."

Nikaenda kuviweka viatu mlangoni. Niliporudi alikuwa ameugeuza uso upande wangu, amelala.