Soksi Moja ya Manjano

Kumbikumbi hutoka mvua ikinyesha. Hilo kila mtoto wa Kakamega analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Basi Musimbi alipofika nyumbani kwake Lurambi alasiri moja ya Januari, jua likiwa limekausha hata majani ya nduma, akakuta kumbikumbi wanachomoka kwenye ufa wa sakafu ya sebule, hakushangilia kitoweo. Alisimama mlangoni na kikapu chake cha mboga. Nyumba nzima ilinuka udongo uliolowa, na nje vumbi lilikuwa tele.

Mideva, bintiye wa miaka sita, alikuwa amechuchumaa kando ya ufa, akigonga simiti polepole kwa mgongo wa kijiko.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Hakuna mtu. Nagonganga tu, wanakuja."

Mambo ya Mideva hayakuwa mageni. Tangu akiwa na miaka miwili, kuku wa majirani walimfuata kama wafuasi wa nabii. Akikanyaga shambani kwa kishindo, fuko walitoa vichwa mchana kweupe. Musimbi aliuza mboga sokoni, mumewe Ignatius Wanyama alikuwa fundi wa mbao, na hakuna mchungaji aliyewahi kuwaambia mtoto wa namna hiyo hulelewa vipi. Wakamlea walivyoweza. Walimwambia asifanye mbele ya watu, na shuleni aweke mikono mfukoni. Walimpenda, wakamwogopa kidogo, kisha wakaona haya kwa kumwogopa.

Mideva akaacha kugonga. Chini ya sakafu kitu kikajibu: ko, ko, ko.

"Ni nani huyo?" Musimbi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni ndugu yangu. Anasemanga kuko baridi."

Kikapu kilimponyoka, kwa maana Mideva hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na ndugu.

Mideva alizaliwa pacha. Kwa kina Wanyama, watu wa Matete, pacha hawafichwi: wa kwanza huitwa Mukhwana, wa pili Mulongo, na ukoo mzima huja na ngoma na pombe kuwapokea. Lakini Ignatius na mkewe walikuwa wameokoka juzijuzi, na hawakutaka ngoma wala pombe nyumbani mwao. Wakasema watapeleka habari baadaye, watoto wakishawekwa wakfu kanisani. Siku ya tisa homa ikamchukua Mukhwana. Ignatius alichonga sanduku mwenyewe, dogo la kubebwa kwapani, wakamzika nyuma ya jikoni bila kilio, na kwa ukoo huko Matete wakapeleka habari kwamba Mungu amewapa binti mmoja. Binti akaitwa Mideva, jina la bibi yake mzaa mama, na yale majina ya pacha hayakutamkwa tena. Walidhani wanamwepushia mtoto huzuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jambo moja hata Ignatius hakulijua. Kabla sanduku halijafungwa, Musimbi alimvika marehemu soksi ya manjano mguu wa kulia. Ya kushoto aliibakiza, akaificha ndani ya foronya, na kwa miaka sita alikuwa akilalia kichwa juu yake.

Tangu siku ile kugonga hakukukoma. Asubuhi kulikuwa chini ya meza, mchana chini ya kiti cha Ignatius, jioni kulifuata nyayo za Musimbi kutoka chumba hadi chumba, na ule ufa ulizidi kurefuka kuelekea kitandani, na harufu ya udongo ikaingia kwenye nguo na kwenye ugali, hata Gentrix, jirani wa ng'ambo ya ua, akauliza kama wanachimba kisima, na siku moja Musimbi akiwa anapepeta maharagwe alihisi kifua kizito, akatazama blauzi, akaona maziwa yamelowesha kitambaa, maziwa mapya, miaka mingi baada ya kumwachisha Mulongo wake, na sita baada ya kumzika Mukhwana wake.

Alilia, na si kwa hofu tu. Alikuwa amemtamani mtoto yule kila siku ya miaka ile sita.

"Anasema nini?" alimnong'oneza Mideva.

"Anaulizanga kama wewe ndio Mama."

"Nyamazeni," Ignatius alisema kutoka mlangoni. "Huyo si mtoto wetu, Mama Mideva. Mtoto wetu mimi mwenyewe nilimpigilia misumari."

Labda wangeendelea hivyo, mmoja akizuia na mwingine akisikiliza. Lakini Jumamosi iliyofuata Ignatius alimkuta Mideva nyuma ya jikoni amelala kifudifudi, mkono wake umezama ardhini hadi begani. Akamvuta. Mkono haukutoka. Kitu kilikuwa kimeushika huko chini, hakivuti wala hakiachi, na midomo ya mtoto ilikuwa imepauka kwa baridi. Ulipotoka hatimaye, vidole vilikuwa baridi kabisa.

"Alikuwa ananishika tu," Mideva alisema. "Anaogopanga peke yake."

Siku hiyohiyo Ignatius alipanda bodaboda hadi Mumias. Yeye, muumini wa kanisa, alikwenda kumwita maalimu wa Kiislamu, na hakujali nani amemwona. Tuseme nini? Mtu anayeogopa kumzika mtoto wa pili hachagui dini ya sepetu.

Maalimu Osundwa alikuja Jumatatu alasiri, mzee mkimya mwenye kikohozi. "Asalaam aleikum wenye nyumba," alisema, akavua viatu, akamtazama Mideva kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto wenu hana ubaya," alisema. "Ana mkono unaosikika mbali. Nimewahi kuona mwingine kama huyu, mmoja tu. Shida ni yule anayemjibu. Jina lisilotamkwa ni kama nyumba isiyo na mtu. Jini anaingianga, anakaa, anasema ni kwake."

"Na kama ni mwanangu kweli?" Musimbi aliuliza.

"Tutamuuliza, mama. Uliza kitu ambacho mwanao tu anajua. Akijibu, ni yeye, tutamwombea alale. Akinyamaza, ni mwizi, na wewe uliyezaa ndiye utamfukuza kwa mdomo wako. Mimi nitasoma tu. Lakini huyu mdogo asiseme neno, na asiguse chini, asije akamfundisha jibu."

Basi Ignatius akampakata Mideva kitini, miguu yake ikaning'inia juu ya sakafu, na kiganja kipana cha fundi kikamziba mdomo. Maalimu akafukiza ubani, akasoma, akanyunyiza maji ya dua kando ya ufa. Musimbi akapiga magoti.

"Mukhwana," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa katika nyumba ile tangu mazishi. "Siku ile, kabla Baba hajafunga sanduku, nilikuvika nini?"

Chini kukawa kimya. Akauliza tena. Kukasikika mkwaruzo mdogo, kisha kimya. Kitini Mideva alikuwa akipinda kiwiliwili, akirusha miguu, macho yamemtoka, akauma kiganja cha baba yake mpaka damu ikatiririka kidevuni, na Ignatius akazidi kumkaza kifuani huku akilia, akiamini kwamba ni jini linalotaka kumtoka mwanawe.

Musimbi aliuliza mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakupata neno. Maalimu akainamisha kichwa. Hakuonekana mtu aliyefurahi kushinda.

"Wewe si mwanangu," Musimbi alisema. "Sikujui. Toka kwangu, usirudi."

Ko. Mara moja tu, kwa unyonge. Kisha harufu ya udongo ikaondoka kama mlango umefunguliwa. Kabla ya juma kuisha maziwa yalikauka, na Ignatius akaziba ufa kwa simiti.

Mvua zilifika Aprili. Kumbikumbi walitoka kila ua wa Lurambi, watoto wakawakimbilia na mabeseni. Kwa kina Wanyama hakutoka hata mmoja. Mideva alisimama barazani, mikono mfukoni, ingawa hakuna aliyemwambia aiweke huko. Tangu ile Jumatatu alikuwa amekuwa mtoto mtulivu, na wazazi wake walikuwa wamemshukuru Mungu.

"Mama," alisema, "ile soksi ingine iko wapi?"

Musimbi alikuwa akichambua kunde. Mikono ikasimama. "Soksi gani?"

"Ya manjano. Mukhwana ako na ya mguu wa kulia."

"Nani alikwambia?"

"Yeye. Siku ile uliuliza. Lakini Baba alikuwa amenishika mdomo."

"Mbona hakujibu mwenyewe?"

Mideva alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kwa nini kuku hasomi. "Hajui kuongea, Mama. Ako na siku tisa tu. Ni mimi namuongeleanga."

Mvua iliendelea kupiga mabati.

"Na sasa yuko wapi?"

"Sijui. Ulimwambia atoke, akatoka. Niligonga mpaka nikachoka."

Musimbi aliingia chumbani, akapasua foronya, akatoka na soksi, akachukua kijiko mezani. Alipiga magoti nyuma ya jikoni kwenye matope, akaanza kugonga ardhi, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, akiita Mukhwana, Mukhwana, nisamehe baba, ni mimi, ni mimi Mama, kwa kilio kilichochelewa miaka sita. Gentrix alisimama kwenye ua wake akiwa ameshika kifua. Ignatius alikuja hadi mlango wa jikoni, akakitazama kiganja chake chenye kovu la meno, akashindwa kusogea.

Mideva alishuka barazani, akachuchumaa kando ya mama yake, akakifunika kijiko kwa mkono mdogo uliolowa.

"Wacha, Mama," alisema kwa upole. "Wewe hausikikangi huko."

Musimbi aliuondoa mkono wa mtoto, akaendelea kugonga.