Macho ya Mlango wa Rugamba

Mniwie radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaiharibu. Wanaojua kusimulia majini huanza na bundi, mbalamwezi na mbwa anayebweka bila sababu. Mimi naanza saa nne asubuhi, dukani Remera, Kigali, jua linawaka, na mwanamume mzima ameshika rimoti kama aliyekabidhiwa ufalme. Nimejaribu kuipamba, imekataa. Tuchukuliane hivyo hivyo.

Mwanamume huyo ni Rugamba, mtumishi wa serikali mwenye kitambi cha heshima, aliyekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na kurudi Rwanda akiwa kijana. Alikuwa amemaliza nyumba yake Rebero, na mlango wa gereji ulikuwa wa chuma, wa kuinuliwa kwa mikono miwili na tusi moja. Sasa alitaka mota ya kuufungua.

Muuzaji, Mrundi mpole aitwaye Audace, alimhoji kama daktari. Mlango una uzito gani? Kuna chumba cha kulala juu ya gereji? Umeme ukikatika mnafanyaje?

"Patron, chukua hii ya mkanda," akasema. "Iko kimya, iko na betri yake, na macho yake iko ndani ya boksi."

Macho yenyewe ni vidude viwili vinavyofungwa chini, kila upande wa mlango, vikitazamana. Kitu kikikatiza katikati yake, mlango husimama na kurudi juu. Lakini Rugamba alikwisha kupenda nyingine: ya mnyororo, kubwa kama jeneza la mbuzi, yenye taa ya buluu na nguvu za kuinua mlango wa ghala.

"Hiyo macho yake bado kufika," Audace akasema. "Ngoja wiki mbili. Iko na watoto nyumbani?"

"Mmoja."

"Basi ngoja, patron."

Kungoja hakukuwezekana. Jumamosi shemeji yake, Rwema, alikuwa anakuja kula, na Rwema hajawahi kula kwa mtu bila kuiweka rimoti ya gereji yake mezani, kando ya sahani. Rugamba akaona kwenye kabati la vioo maganda mawili ya macho, ya maonyesho.

"Nipe hayo."

"Hayo hayana kitu ndani."

"Najua. Ni ya kushika nafasi tu."

Ijumaa jioni, fundi aliyefunga mota alipokwisha kuondoka, Rugamba alipanda ngazi akaikaza skurubu ya nguvu ya mota hadi mwisho, ili chuma kile kisije kikakwama mbele ya wageni. Kisha akapiga magoti na kuyabandika maganda yake kwa gundi. Mkewe, Winifred, akachungulia kutoka jikoni.

"Papa Phiona, hayo macho yanaona?"

"Yanaona hata dhambi."

Winifred akacheka, akarudi kwenye sufuria zake. Aibu ilimchoma Rugamba kidogo, na kwa kuwa yeye aibu huitibu kwa mzaha, akaliinamia ganda moja na kulinong'oneza: "Kama kuna mwenye macho anayetaka kazi, karibu."

Waliolelewa upande ule wa Tanzania, kama yeye, wanaijua hiyo karibu. Ni karibu ya mdomo. Mtu ameshika tonge la mwisho, anakukaribisha, na wewe mpita njia mwenye adabu unajibu "asante, nimeshiba" huku tumbo linanguruma. Hakuna aliyewahi kudhurika. Ila kuna viumbe ambao hawakufundishwa kukataa.

Jumamosi chakula kikalika, na Rugamba akawatoa wageni nje kwa maonyesho. Akabonyeza. Mnyororo ukapiga kelele, ndege wakahama mti.

"Shemeji, hii ni mota au helikopta?" Rwema akauliza.

Mlango ukashuka vizuri hadi ukabakiza shubiri moja kufika sakafuni. Hapo ukasimama, kama anayefikiri. Kisha ukarudi juu taratibu.

"Macho yako makali," Rwema akasema kwa wivu. "Yameona nini?"

"Labda paka," akasema Winifred.

Paka alikuwa amelala mikononi mwa Phiona, binti yao wa miaka sita. Rugamba alicheka pamoja na wengine, kisha akaificha rimoti mfukoni. Kati ya wote waliosimama pale, ni yeye peke yake aliyejua kwamba mlango ule ni kipofu.

Baada ya wiki mbili Audace alimpigia simu: "Patron, macho imefika." Rugamba akasema atapita. Hakupita. Kuyabadilisha kungehitaji fundi, fundi angeng'oa maganda mbele ya Winifred, na Winifred angeuliza. Kila Audace alipopiga, Rugamba alijibu kwa sauti ya mtu aliye kwenye mkutano, hata akiwa chooni.

Na mlango uliendelea kuona. Wiki ya tatu ulisimama kwenye kimo cha goti, wiki ya nne kimo cha nyonga, na kila uliposimama ilikuja harufu ya maziwa yaliyoungulia kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeiteleka, na nyuma ya mngurumo wa mota, pale mnyororo unapomaliza kutikisika, Rugamba alisikia kitu kikivuta pumzi polepole, kama mtu aliyebeba mzigo begani na hataki kulalamika. Na siku moja ya mvua, saa kumi na moja jioni, akiwa peke yake, alibonyeza rimoti ili ajue moja, akautazama mlango ukishuka kidogo tu na kusimama juu, kwenye kimo cha kichwa chake mwenyewe, na kwenye sakafu kavu, katikati ya mstari ule ambao maganda mawili yalikuwa yakitazamana bila kuona, palikuwa na nyayo mbili za maji, vidole vikielekea ndani, kwake.

Jioni ile Phiona alimfuata sebuleni, akamnong'oneza sikioni.

"Papa, leo amesimama."

"Nani?"

"Wa mlangoni. Zamani alikuwa anachuchumaa."

"Anakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu. Mama akifunga mlango mimi nasimama pale, yeye wa mlangoni ananishika mkono, mlango unarudi." Akafikiri kidogo. "Mkono wake iko baridi."

Hapo mwanamume mwingine angemwita mkewe. Rugamba alikwenda hadi mlango wa chumba cha kulala, akasimama, akasikia atakavyoulizwa: jini gani, na macho unayo? Mlango umemwona mtoto, umesimama, kazi yake si ndiyo hiyo? Ili asadikiwe kuhusu jini, ilimpasa kwanza akiri kuhusu gundi. Akageuka, akaenda kupiga mswaki.

Alichoweza ni kumtafuta Maalimu Mugenzi wa Nyamirambo, mzee mwenye sifa ya kutoa majini bila kelele, na kumleta Alhamisi mchana, Winifred akiwa kazini na Phiona shuleni. Mvua ilikuwa inanyesha. Maalimu aliwasha ubani ndani ya gereji, akasoma kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa kama anayesikiliza jirani kupitia ukutani.

"Anasema hakuvamia," akasema kwa sauti ya chini. "Alikaribishwa, akapewa kazi."

"Kazi gani, Maalimu?"

"Ya macho."

Mzee akainama na kuligusa ganda moja kwa ncha ya kidole. Likabanduka, likabaki kiganjani mwake, jepesi kama la yai. Alilitazama ndani, akamtazama Rugamba, na Rugamba akatazama viatu vyake.

"Mama watoto anajua?"

"Bado."

"Ndugu yangu, nimeitwa kutoa majini wanaokaba watu, wanaovunja ndoa. Huyu hajamuumiza mtu. Nikimtoa, kazi yake itafanywa na nani?"

"Kesho nitaleta macho mazima."

"Basi mwambie mkeo leo, kesho nije."

"Mtoe kwanza, Maalimu," Rugamba akanong'ona. "Mke wangu nitamwambia. Mtoe huyu."

Maalimu akashusha pumzi, akasoma tena. Harufu ya maziwa ikapanda hadi machozi yakawatoka, kisha ikakatika ghafla. Akaomba wajaribu. Rugamba akaweka kidumu cha maji kwenye mstari na kubonyeza. Mlango ulishuka bila kusita na kukikalia kidumu, kikapasuka, maji yakafika miguuni mwao. Ilikuwa mara ya kwanza mlango ule kushuka bila kujali kilicho chini yake, na ndani ya lile giza Rugamba aliona aibu kuliko woga.

Mota ikanguruma. Mlango ulikuwa unainuka, na hakuna aliyebonyeza rimoti humo ndani. Winifred alikuwa amemchukua Phiona mapema kwa sababu ya mvua, na rimoti ilikuwa mkononi mwake. Akaingiza gari, akashuka, akashangaa kuona moshi na mzee wa kanzu, na huku akiamkia akabonyeza kufunga, kama kila siku. Phiona alikuwa ameshukia nje. Akaja akiruka madimbwi, akasimama katikati ya mstari, akanyoosha mkono pembeni, kiganja wazi, akingoja kushikwa.

Rugamba alimwona. Neno lilikuwa pale, fupi, "hayaoni", na ulimi wake ukaling'ang'ania, hata sasa. Miguu ndiyo iliyokuwa na aibu zaidi ya ulimi: ikamrusha. Alimsukuma mtoto nje kwenye mvua, na chuma kikamshukia begani, kikampigisha magoti.

"Bonyeza," akasema.

"Kuna nini? Utarudi wenyewe," Winifred akasema. "Macho si yapo?"

"Hayaoni."

"Unasema?"

Ile mota aliyoichagua kwa nguvu zake ilikuwa inanguruma kama lori mlimani. "Hayaoni," akarudia, bega likilia. "Ni maganda."

"Sikusikii, Papa Phiona. Ni nini?"

"Ni maganda matupu!" Rugamba akapaza sauti, na mota, kwa ubaya wake, ikanyamaza kupumua hapo hapo. "Niliyabandika kwa gundi! Nilikudanganya!"

Ng'ambo ya ukuta, Mama Mukashema, jirani yao, akaacha kufagia maji.

Winifred alibonyeza. Mlango ukapanda. Kwanza alikwenda kumwokota Phiona, akamkagua kidole kwa kidole, na ndipo akarudi kwa mumewe aliyekuwa bado amepiga magoti. Alielezwa yote pale pale, kuanzia dukani hadi kwenye ubani. Hakumkatiza. Rugamba aliomba moyoni amkatize.

"Amekwenda wapi?" Phiona akauliza, mkono wake ukiwa bado umenyooshwa kidogo.

"Ameondoka, mwanangu," Maalimu akasema.

Winifred akamtazama mumewe. "Kwa hiyo wiki sita mwanangu alilindwa na jini, na baba yake yuko sebuleni."

"Ndiyo."

"Na ulipoogopa, ulikwenda Nyamirambo. Mimi nilikuwa chumba cha pili."

"Ndiyo, Mama Phiona."

Maalimu aliona aibu kwa niaba yake, akaanza kukusanya chetezo na vitabu vyake. Mlangoni akageuka, kwa adabu ya kazi, akauliza kama nyumba ina tatizo jingine. Rugamba ndiye aliyejibu, ameshika bega lake, yuko magotini kwenye maji.

"Hapana, Maalimu. Wewe kazi yako umefanya vizuri. Mle ndani tulikuwa wawili wa kufukuzwa, na mimi nikakuonyesha yule aliyekuwa anafanya kazi."