Aliyetimiza Akidi

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza kabla ya kikao. Mwenyekiti wa serikali ya wanafunzi aliinusa akifungua madirisha ya ukumbi, akadhani kuna mtu bwenini kazidisha moto wa pasi. Hakuwa na nafasi ya kuwaza nywele. Hoja yake ya kufungua maktaba siku za Jumapili, ile aliyoinadi kwenye kampeni mpaka sauti ikamkauka, ilikuwa mezani, na wajumbe, kama kawaida yao, hawakuonekana. Watu hawa ukitangaza soda wanajaa hadi madirishani. Ukitangaza kikao, kila mmoja ana mtihani kesho.

Alipungua mjumbe mmoja tu ili akidi itimie na kikao kiwe halali.

"Tuahirishe," alinong'ona katibu. Huyu alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, ndiye aliyembandikia mabango hadi vidole vikachubuka.

"Niahirishe mara ngapi? Watasema niliwadanganya." Mwenyekiti akakitupia macho kiti kitupu cha nyuma kabisa, akacheka. "Mheshimiwa wa kule nyuma, upo?"

"Nipo," ilijibu sauti nzito ya kiume.

Wajumbe waliangua kicheko, wakidhani ni utani wa mmoja wao. Mwenyekiti, aliyekaa akiwatazama, aliona wazi kwamba hakuna mdomo uliofunguka kujibu. Lakini uchu wa kupitisha hoja ulikuwa umemkaba.

"Akidi imetimia," alitangaza, na hoja ikapita.

Jioni ile katibu hakugusa chakula. Siku zilizofuata alikaa kitandani akitazama ukuta, chumba kizima kikinuka nywele zilizoungua, na kila alipofungua kinywa ilitoka sauti ile ile nzito ya kiume, si yake, kwa adabu zote za kikao: "Mwenyekiti, naomba nafasi ya kuchangia."

Shangazi yake katibu, tabibu wa majini, aliitwa. Alimshika mgonjwa paji la uso, akaondoa mkono haraka.

"Nani alimkaribisha jini huyu?"

"Mimi, shangazi," alisema mwenyekiti, machozi yakimlenga. "Nilimhesabu."

"Ulimfanya mjumbe kwa taratibu zenu, mwanangu. Dawa zangu hazimtoi mjumbe. Mtoeni wenyewe, kwa kura, pale pale mlipomwingizia. Na msikawie, binti yetu anaisha."

Mwenyekiti alizunguka mabweni yote, akagonga kila mlango, akaomba, akapiga magoti. Watu walimpa pole, wakaapa watakuja. Alasiri ya kikao walikuja wachache wale wale, wakajikusanya viti vya mbele, katibu akiwa katikati yao, shangazi amemshika mabega.

"Wanaokubali mjumbe huyu aondolewe?"

Mikono yote ya mbele ilinyooka.

"Wanaopinga?" aliuliza kwa sauti ya chini, maana taratibu ni taratibu, na hapo ndipo viti vya nyuma vilipoanza kulia kriii, kimoja baada ya kingine, kama vinavyolia watu wanapojiweka sawa, safu baada ya safu, vile viti vyote ambavyo wenye navyo walikuwa wamelala mabwenini, wamekwenda mpirani, wamesema watakuja, na harufu ikawajaa watu kooni hata wakashindwa kukohoa, na kutoka kila kiti kitupu ukumbi mzima ikatoka sauti moja iliyotulia: "Tunapinga."

Hakuna aliyegeuka. Shangazi alikuwa analia waziwazi, kama mtoto.

Katibu akasimama taratibu, akanyoosha nguo zake.

"Hoja imeanguka, mwenyekiti," alisema kwa sauti ile nzito. "Sasa natoa hoja yangu. Binti huyu nibaki naye."

Viti viliunga mkono kabla mwenyekiti hajauliza.