Riali Elfu Tatu Zilizolala

Mjini Ibra, Uarabuni, siku ya Jumatano, mwanamume hana lake sokoni. Soko lile la wanawake. Muuzaji mwanamke, mnunuzi mwanamke. Kazi ya Marhun kumleta mkewe Kaltham na makapu yake ya mikate ya ufuta. Kisha anakaa garini nje ya geti, kiyoyozi anawasha, anazima, anawasha.

Jumatano hii Kaltham anauza, lakini moyo haupo. Jana mama mkwe wake, Bi Ghalia, kapigiwa simu kutoka Wete, Pemba. Dada yake anamwoza mjukuu mwakani, baada ya Iddi Kubwa. Kamwambia, "Ghalia, bila wewe nani atamsinga bibi harusi, amsugue liwa ya msandali? Wasichana wa leo liwa wanaipaka kama siagi kwenye mkate."

Bi Ghalia kacheka. Simu ilipokatika wali hakuugusa mpaka ukapoa. Miaka kumi na moja hajaonana na dada yake.

Tiketi ya kwenda na kurudi ni riali mia na kumi na nane. Pesa ipo, lakini si ya matumizi. Wana riali elfu tatu benki, za kujenga vyumba vya juu. Wanangoja kibali cha baladia, halmashauri ya mji, tu. Bi Ghalia mwenyewe kasema, "Mkitoa hata baisa moja kwenye pesa ya nyumba, mimi ndege sipandi." Na yule mama akisema, kasema.

Meza ya jirani anakaa Badriya, muuza ubani na udi. Kabla ya hapo kafanya kazi benki miaka kumi na tisa. Kaltham kamhadithia yote.

"Hizo elfu tatu zimekaa miaka mingapi?" kauliza Badriya.

"Sita."

"Wanawapa faida kiasi gani?"

"Kuna droo, Bi Badriya. Mwezi hata mwezi wanatoa zawadi. Mtu wa Al Qabil kapata gari."

"Sikuuliza gari la mtu. Nyinyi mmepata nini?"

Kaltham kafikiri. "Kalamu."

Badriya kacheka mpaka kashika meza. Lakini kweli ndiyo hiyo. Miaka sita Marhun anangoja zawadi. Namba asiyoijua ikipiga, anajibu kwa adabu kama anasema na liwali. Na kila mara ni mtu kakosea namba, au anauza mabati.

Kaltham kamweleza kwa nini. Mama mkwe anaogopa riba. Wakaona bora akaunti ya zawadi, isiyolipa faida.

Badriya kashusha sauti, kama mwalimu aliyempenda mwanafunzi. Riba ni jambo la kuogopwa, kasema, lakini si kila faida ni riba. Benki za Kiislamu zina akaunti za mudharaba. Pesa yako inaingia kwenye biashara, faida inapatikana, mnagawana na benki kwa fungu mlilokubaliana. Biashara ikilegea, faida inapungua. Ndiyo maana hawatoi ahadi, wanakwambia kiwango kinachotarajiwa.

"Sasa sikiliza," kasema Badriya. "Usiende benki moja. Nenda tatu. Kote uliza maneno yaleyale. Kwa pesa yangu hii, kwa mwaka nitapata ngapi? Mwaka jana mlilipa ngapi kweli? Pesa inafungwa muda gani, na nikiitoa kabla nakosa nini? Na kuna makato? Wakikutajia asilimia, waambie wakutajie riali. Riali haina maringo."

Simu ya Kaltham ikalia. Marhun huko nje. Anauliza mikate imebaki mingapi, ana njaa. Kaltham kamwambia kesho asiende kazini asubuhi, wana safari ya benki.

Benki ya kwanza, kati ya tatu za Kiislamu, ina bango kubwa: faida mpaka asilimia sita. Marhun kashaikamata kalamu ya kusaini. "Sita, mke wangu. Wapi utapata sita?"

"Hebu ngoja," kasema Kaltham. Kamgeukia kijana wa kaunta. "Kwa elfu tatu, kwa mwaka, riali ngapi?"

Kijana kabonyeza kompyuta. Sita ni ya mwenye elfu kumi na kuendelea, na anayefunga miaka mitano. Kwa elfu tatu ni asilimia mbili. Riali sitini.

Marhun kairudisha kalamu taratibu. "Kumbe kazi yote kafanya 'mpaka'," kasema.

Benki ya pili asilimia tatu, na pesa unatoa utakavyo. Hapo Kaltham kataka kukubali. Lakini kauliza faida wanaihesabu vipi. Wakamjibu wanatazama siku ambayo pesa ilikuwa ndogo kuliko siku zote za mwezi. Kaltham kamtazama mumewe. Marhun ana tabia moja: anatoa pesa benki Alhamisi, anafanya biashara ya mbuzi Nizwa Ijumaa, anairudisha yote wiki ya pili. Kwa hesabu hiyo faida ya mwezi mzima inakwenda na mbuzi.

Benki ya tatu bango dogo, kiti kimoja kibovu. Asilimia nne na nusu, ya kutarajiwa, kwa mwaka mmoja. Mwaka jana walilipa nne na nukta nne. Hakuna makato. Ukitoa kabla ya mwaka, mtaji unarudi, faida huioni.

Wakagawa. Elfu mbili na mia tano wakazifunga pale mwaka mzima. Mia tano wakaziacha wazi, kwa dharura na kwa mbuzi wa Marhun. Jioni Bi Ghalia kauliza maswali yake mwenyewe, kajibiwa, karidhika.

Mwaka ukapita. Faida ikaingia: riali mia na kumi. Kwa tiketi zikapungua nane. Marhun kauza beberu, kaziongeza bila kuambiwa, tiketi ikakatwa. Elfu mbili na mia tano zikabaki palepale, nzima. Kabla benki haijazifunga tena yenyewe, Kaltham kazunguka zile benki upya, maana viwango vinabadilika.

Siku tatu kabla ya harusi simu ikalia kutoka Wete. Bi Ghalia mikono imejaa liwa, mtu kamshikia simu. Nyuma yake wanawake wanacheka na kuimba.

"Kaltham, hawa wananiuliza nani kanikatia tiketi."

"Umewajibuje, mama?"

"Nimewaambia pesa za Marhun zimefanya kazi mwaka mzima, mwenyewe kalala. Hawanisadiki. Sasa dada anataka yale maswali ya benki. Wote wanayataka. Nimeweka sauti kubwa, wanakusikia."

Kelele zikapungua. Mtu kasema nyamazeni, huyo mkwe wa Ibra. Kaltham kakaa chini, kavuta pumzi.

"Haya," kasema. "La kwanza, usikubali asilimia. Uliza riali. Nyinyi huko ulizeni shilingi."