Okoa au Ondoa

Ngriiiiii! Mlio wa msumeno wa injini ulimkuta Msanifu bado yuko getini. Ukafuata mpasuko, kisha kishindo kilichotikisa ardhi hadi magotini.

Alikimbia. Kiatu kimoja kikabaki topeni.

Mkuyu ulikuwa chini. Mkuyu ambao kwa miaka miwili aliuzungushia maktaba ya umma kwenye michoro yake: kuta za udongo wa palepale, paa la nyasi ili kilima kibaki kilima, na kivuli cha mti huo kipoze vyumba vyote bila kiyoyozi hata kimoja.

"Nani kakata?"

Vibarua wakatazamana. Mmoja akajikaza.

"Shemeji, ulikuwa na alama."

Kweli. Shinani, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa Msanifu mwenyewe: O.

"O ni okoa! Okoa, jamani!"

Msimamizi wa ujenzi alisogea, nywele zimejaa unga wa mbao. Walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa kuwa ukuta wake haujawahi kupinda. Baada ya wiki mbili angekuwa mume wa Msanifu.

"Mimi nilisoma ondoa," alisema polepole. "Na lile duara la katikati ya ramani, nikadhani tangi la maji ya mvua."

"Ukadhani! Mdomo huna? Hukuweza kuuliza?"

Timazi alimtazama tu. Mtazamo ule ukamchoma, maana alikumbuka.

Siku tatu walikuwa hawajasemezana. Timazi alikuwa amewatania vibarua, "Mchumba wangu anatujengea pango la popo," nao wakacheka hadi wakadondosha makarai. Msanifu akanuna. Jana mchana simu yake ikatetema:

"Mpenzi, najua umekasirika. Hii O ya mkuyu ni okoa au ondoa? Watu wa msumeno wanakuja kesho asubuhi. Nijibu."

Aliusoma ujumbe. Akasonya. "Apige magoti kwanza," alijisemea. "Akipiga simu nitapokea."

Timazi naye ana kiburi chake. Hakupiga.

Mkurugenzi aliyesimamia mradi alifika kabla majani ya mkuyu hayajanyauka. Aliuzunguka mti mara moja, kama anayezunguka maiti.

"Kosa la nani?"

"Langu, bosi," alisema Timazi. "Nilikisia."

"Hukumuuliza mwenye mchoro?"

"Sikumuuliza."

"Basi kusanya vifaa vyako. Na kazi nyingine kwetu usiitafute."

Timazi aliinama, akaanza kuikunja kamba yake ya timazi, taratibu, kidole hadi kiwiko. Angeondoka na jina baya, yeye mwanamume ambaye ukuta wake haupindi. Msanifu angebaki na kazi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikujua sana.

"Aliniuliza," alisema Msanifu.

"We mwanamke, nyamaza," Timazi akanong'ona.

"Nimenyamaza vya kutosha." Akamkabidhi Mkurugenzi simu. "Soma, mzee. Ona saa. Nilisoma, sikujibu. Nilikuwa nimenuna."

Mkurugenzi alisoma mara mbili. Alipoinua macho, hasira ilikuwa imemwisha, ilibaki karaha.

"Mti wa miaka yote hiyo, kwa sababu ya kununa? Tokeni wote wawili. Hapa litajengwa boksi la zege na viyoyozi kumi na sita, yaishe."

Akaenda zake. Vibarua nao wakatawanyika, hakuna aliyetania.

Wawili hao wakabaki na kisiki. Utomvu mweupe ulikuwa ukichuruzika juu ya ile O.

"Pango la popo lilikuwa langu," Timazi alisema. "Kukucheka mbele ya watu. Hilo nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Lakini hili lako linanitisha. Leo ni mti. Kesho nitakuuliza mtoto kameza dawa gani, nawe umenuna?"

Machozi yakamshuka Msanifu hadi kidevuni.

Timazi aliingiza kamba mfukoni. Akaweka kidole juu ya ile herufi.

"Kadi za harusi zimeshatoka. Sasa nakuuliza mara ya pili, na sitauliza ya tatu. Sisi je? Okoa au ondoa?"

"Okoa," Msanifu alijibu palepale. Akaweka kiganja chake juu ya kidole cha Timazi, utomvu ukawagandanisha. "Na nakuahidi, hata siku nitakayokuchukia: ukiniuliza herufi moja, nitakujibu neno zima."