Domo la Thiébaut

Mapenzi, wasomaji watukufu, ni jambo la heshima kuu. Ndiyo maana haya yalianzia kwenye matope ya gulio la Troyes, mji wa Ufaransa ya kale, kwa ajili ya mkate uliojazwa nyama ya samaki mkunga.

Hersent, binti wa muuza vitambaa, ndiyo kwanza alikuwa anauuma, gauni lake la kijani likimkaa kama alizaliwa nalo, aliposukumwa mgongoni. Mkate ukaenda chini. Msukumaji alikuwa kijana mwenye soksi ndefu, mguu mmoja mwekundu, mwingine wa njano, akitembea huku anatazama mawingu.

"We! Macho umeyaweka rehani?"

"Yamepofushwa na uzuri wako, bibie."

"Uzuri wangu uko mbele. Wewe umenigonga nyuma."

Thiébaut alikuwa akiwaandikia wafanyabiashara mikataba, lakini moyoni alijiona mshairi wa majumba ya mabwana. Huko mapenzi yana sheria zake: mwanamume apige magoti, akatae chakula, na kila amri ya bibi aitii kama ya Mungu. Upuuzi mtupu, ila una vina. Hersent alimcheka siku zote za gulio. Gulio lilipokaribia kwisha, kisimani, akamwachia amvishe pete ya unyasi, wakaahidiana ndoa. Moyo haufundishwi adabu.

Kesho yake, badala ya kwenda kumwona baba mtu, bwana mshairi akapanda juu ya pipa mbele ya duka lake la vitambaa, akaimba jinsi Hersent alivyo katili na jinsi yeye anavyokufa. Wateja walicheka hadi wakasahau kununua.

"Shuka!"

"Nakufa, malkia wangu!"

"Basi kufa kimya kimya! Fumba hilo domo, usilifumbue mpaka nikwambie!"

Thiébaut akainama hadi pua ikakaribia viatu, akaondoka.

Tangu hapo akawa anapita dukani, anainama, anaenda zake. Neno hatoi. Hersent alingoja samahani, haikuja.

"Ananinunia," alisema peke yake, akikata kitambaa upogo. "Mimi! Ninuniwe na soksi!"

Kwa hasira hiyo, baba yake, Mzee Evrard, alipomletea posa ya Renier muuza chumvi, mgane mwenye harufu ya samaki, akajibu, "Haya, tangazeni ndoa." Alijuta kabla ya kumeza mate. Lakini kurudi nyuma kungekuwa kukiri mbele ya mji mzima kwamba anamlilia yule wa pipani. Bora chumvi.

Tangazo likasomwa kanisani mara ya kwanza, likasomwa mara ya pili. Jumapili ya mwisho padri akasema, "Mwenye kujua kizuizi na aseme leo. Akinyamaza, ndoa itafungwa."

Hersent akageuza shingo. Thiébaut alikuwa kando ya nguzo, uso mwekundu kama mguu wake wa kulia, machozi yakimchuruzika. Akajigusa midomo, akamnyooshea Hersent kidole, kisha akaunganisha viganja kama mwombaji.

Hapo ndipo akili ikamjia Hersent. Hakununa. Alikuwa anatii! Muda wote huo, punda huyu alikuwa anatii!

"Hakuna?" padri akauliza, akifunga kitabu.

"Thiébaut!" Sauti ya Hersent ikagonga dari. "Fumbua domo, bwege wee!"

"Ewe nyota ya alfaji—"

"Sio hivyo! Sema kama watu!"

Thiébaut akasimama wima. "Ni mchumba wangu. Tuliahidiana kisimani. Nilimvisha pete."

"Pete gani?" Renier akafoka.

Hersent akavuta kamba iliyofichwa ndani ya gauni, pete ikining'inia. Unyasi ulikuwa umekauka na kukatika mara mbili, na mara zote mbili mtu alikuwa ameushona kwa uzi mzuri wa dukani kwa baba yake.

Mzee Evrard akashika kichwa. "Mwanangu, huyu? Huyu wa soksi?"

"Huyu, baba. Nimetafuta mjinga wa kumzidi, sikumpata."

Padri akashusha pumzi, akalifuta tangazo. Thiébaut akapiga goti hapo hapo kwenye mawe.

"Malkia wangu, niamuru lolote!"

"Kanunue mkate wa mkunga," Hersent akasema, akifuta machozi kwa mkono wa gauni kabla mtu hajayaona. "Na ukirudi, tazama njia."