Maji Yaliyopanda Ngazi

Mimi si mwoga, na wanaonijua watakwambia hivyo hivyo. Miaka thelathini nimefanya kazi buchani. Nimezika wazazi wawili na mume mmoja, na kila mara usiku nililala usingizi wangu vizuri tu. Haya ninayokusimulia sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata mdogo wangu Verna, mimi nikiwepo, saa nane mchana.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Boti zote za bandari yetu zilikwisha kupandishwa nchi kavu na kufunikwa plastiki nyeupe, ikabaki moja tu majini, ya Arvid, mume wa Verna. Arvid alitoka kuvua mapema Septemba. Jioni yake boti ikaonekana inaelea peke yake, injini bado inanguruma, chakula chake hata hakijafunguliwa. Yeye hakuonekana. Wapiga mbizi walimtafuta siku kumi na moja. Superior, ziwa letu huku kaskazini mwa Marekani, ni la baridi kali, likimchukua mtu halimrudishi, na sisi wa huku tunalijua hilo tangu utotoni.

Verna hakutaka mtu aiguse boti ile. Lakini boti haiachwi majini mpaka barafu ije, itapasuka. Nilimsema wiki nzima, mwishowe akakubali. Tukamwita Waino, mzee jirani yetu mwenye pikapu.

Waino aliivuta boti kwa tela mpaka juu ya mteremko wa bandari, akasimama. Huku kwetu boti ikitoka majini, kizibo cha nyuma hufunguliwa pale pale, mkia ukiwa umeelekea ziwani, ili maji yaliyoingia ndani yarudi yalikotoka. Maji ya ziwa hayapelekwi nyumbani kwa mtu. Sababu hakuna anayeijua. Baba alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo.

"Haya Helmi, shika spana," Waino akaniambia. "Au siku hizi unajua kukata mifupa tu?"

"Na wewe unajua kuchonga mdomo tu."

Verna akaja akasimama kati yetu na boti. "Msifungue hapa. Twendeni nayo nyumbani."

"Binti yangu, maji haya huwa tunaya..."

"Nyumbani, Waino."

Waino akanitazama mimi. Nikaona macho ya mdogo wangu yalivyovimba, nikamwonea huruma. "Mfanyie anavyotaka," nikasema. "Maji ni maji." Ndiyo, ni mimi niliyesema maneno hayo, na nayajutia mpaka leo.

Tuliiegesha nyuma ya nyumba. Waino akabadilisha oili na kutoa betri, mimi nikapitisha kwenye injini yale maji ya pinki yasiyoganda, ya kuikinga isipasuke kwa baridi, mpaka yakatokea upande wa pili. Verna akatuletea kahawa na mikate ya nyama. Waino alipojimwagia oili kwenye kiatu, Verna akacheka. Jamani, akacheka! Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Septemba, na moyo wangu ukafurahi kweli.

Kikabaki kizibo. Nikapiga magoti, nikakizungusha kwa spana, kikatoka. Maji yakaanza kumwagika, machafu kidogo, yananuka ziwa. Nikainuka kumalizia kahawa yangu. Nikaimaliza. Maji bado yanatoka. Nikajimiminia kikombe cha pili, nacho nikakimaliza.

Waino akapanda kwenye gurudumu la tela, akachungulia ndani ya boti. Akapapasa sakafu yake kwa kiganja.

"Helmi," akaninong'oneza. "Humu ndani mmekauka kabisa."

Ndipo nikatazama maji yanakoelekea.

Uwanja wa Verna unateremkia barabarani. Nyumba iko juu. Maji yalikuwa yanapanda. Mkondo mwembamba, upana wa kiatu cha mtu mzima. Unasogea hatua moja, unatulia. Unasogea tena, unatulia. Mtu aliyechoka hutembea hivyo. Ukafika kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Ukapanda ya kwanza. Ukapanda ya pili.

Verna alikuwa amekwisha kuufungua mlango. Ameushikilia kwa mkono, kama unavyomshikilia mlango mgeni mwenye mizigo.

"Verna! Funga mlango!"

"Nyamaza, dada. Amechoka. Mwache apande."

Mkondo ukavuka kizingiti. Ndani, ubao wa sakafu ukalia. Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Krismasi kumi na moja nimekisikia mezani kwangu, kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba chumvi.

Sikumwogopa Arvid. Nilimwogopea mdogo wangu. Nilijua, wala sijui nilijuaje, kwamba mtu yule akiingia mwili mzima, siku ya kutoka hatatoka peke yake. Nikakiokota kizibo. Nikakisukumiza kwenye tundu kwa kiganja. Maji yakasukuma kutoka ndani. Yalikuwa ya vuguvugu. Kutwa nzima ile vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na maji yale yalikuwa ya vuguvugu. Nikashika spana. Nikakaza. Nikakaza mpaka mkono ukateguka.

Maji yakakatika. Palepale uwanjani yakaganda, nikiyaona. Ndani ya nyumba kukawa kimya.

Verna akanigeukia. Hakupiga kelele, bora angepiga.

"Alikuwa hajamaliza kuingia," akasema kwa sauti ya chini. Akaingia, akafunga mlango.

Waino aliacha spana zake pale na hajazifuata mpaka leo. Verna yupo, mzima wa afya. Anakula, anakwenda kanisani, tukikutana ananisalimu vizuri. Ila kila Jumapili, tukiachana mlangoni pa kanisa, hunisogelea sikioni na kuniambia neno moja tu: "Fungua." Kizibo nilikikaza kuliko nguvu zake, nami sifungui. Nikifungua nitampoteza mdogo wangu, na nisipofungua namwona anavyonitazama. Boti ingali nyuma ya nyumba yake.

Aprili nilikwenda kumsaidia usafi wa nyumba. Nikafagia chini ya kitanda, upande aliokuwa analala Arvid, ufagio ukagusa kitu. Zilikuwa ndara za kiume za sufu, mpya, alizozinunua Verna Krismasi iliyopita hata sikujua.

Nikazitoa mwangani. Ndara ya kushoto ilikuwa imelowa chapachapa, soli yake imelika kisiginoni mpaka ikatoboka. Ya kulia ilikuwa bado na karatasi ya dukani ndani yake, mguu haujaingia.